Miaka Inayofuata Kisu

Mdogo wangu alizaliwa mwaka 1981 upande wa Zaire, wakati sisi watu wa West Nile, Uganda, tukiwa tumetawanyika. Idi Amin, rais aliyetoka kwetu, alikuwa ameanguka 1979, na Oktoba 1980 vita viliporudi kwetu kwa kisasi, Arua na Koboko zilibaki karibu tupu. Wakakwa na Waaringa wengi walikimbilia Sudan. Sisi Wanubi wa Arua Hill tulivukia Aru, upande wa Zaire, pamoja na majirani zetu Walugbara. Mama alikuwa mjamzito. Chakula kilikuwa muhogo na majani yake, na siku nyingine hata hayo hayakupatikana. Mtoto alipozaliwa, bibi alikuwa akiamka kabla ya adhana, anamwekea kiganja kifuani ajue kama bado anapumua.

Naanza na njaa ile kwa sababu miaka 38 baadaye mtoto yule alikuwa na kilo 148, na waliomwona dukani kwake sokoni Arua walidhani wanaijua habari yake yote. Ulafi, walisema. Mimi ni muuguzi, na ni dada yake. Mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa Enugu, Nigeria, kwa watu waliokuwa tumboni mwa mama zao au wachanga wakati wa njaa ya Biafra. Watu hao walipokaribia umri wa miaka 40, presha, sukari na uzito uliozidi vilikuwa vimewaandama kuliko waliozaliwa baada ya njaa kwisha. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mdogo wangu. Ninachojua ni kwamba mwili ulioanza maisha kwa kunyimwa haukuwahi kukubali kuachia kitu.

Tuliporudi nyumbani, Mama alitulisha kama mtu anayelipa deni. Sahani haikuruhusiwa kubaki na chakula. Kisha ukaja UKIMWI, ambao Uganda nzima iliuita silimu, na watu wakafa huku wakikonda mbele ya macho yetu. Katika miaka ile, mwanamke mnene aliyejifunga vizuri gurbaba yake, vazi letu la Kinubi, alikuwa habari njema kwa ukoo. Nani angethubutu kumwambia binti apunguze kula?

Nilisomea uuguzi Kuluva, hospitali ya misheni iliyo kilomita chache kutoka Arua. Wazee wa pale walikuwa bado wanamtaja daktari Ted Williams, aliyeweka kumbukumbu za wagonjwa wa saratani waliomjia kutoka pembe za West Nile. Mwaka 1961 yeye, Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, na Cliff Nelson walizunguka wiki 10 kwa gari kuukuu la Ford, hospitali hadi hospitali, mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza habari za uvimbe wa taya wa watoto. Dunia inamkumbuka Burkitt kwa uvimbe ule unaoitwa kwa jina lake. Mimi namkumbuka zaidi kwa jambo lake la pili. Yeye na Hugh Trowell, tabibu aliyeanza kazi Afrika Mashariki mwaka 1929, waliona kwamba wagonjwa wao wa vijijini, waliokula mtama, kunde na mboga zenye nyuzinyuzi, waliugua kwa nadra unene, kisukari, mawe ya nyongo au moyo. Mwaka 1975 walihariri kitabu kizima kuhusu vyakula vilivyokobolewa na maradhi yanayovifuata.

Uganda waliyoiona wao imebadilika. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2016 ulikuta karibu robo ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Mdogo wangu aliuza vitenge kutoka Congo. Alikaa dukani tangu asubuhi hadi magharibi, chapati na soda vikimfuata hapo alipo, na bodaboda ikimsubiri mlangoni. Alipofika umri wa miaka 38 alikuwa na kisukari na presha, magoti yalimuuma, na usiku pumzi yake ilikatika katikati ya mkoromo hadi mumewe akawa halali, anamtikisa. Alikuwa amefunga vyakula, amekunywa dawa za mitishamba, amepungua na kunenepa tena zaidi ya awali. Nilimshuhudia akijinyima kwa miezi, kwa nidhamu ambayo wanaomcheka hawana.

Kwa hiyo aliposema anataka kupunguzwa mfuko wa tumbo, sikushangaa. Tuliitisha kikao cha familia. Kaka yetu alikuja na habari ya Eman Abd El Aty, mwanamke wa Misri aliyesemekana kuwa na kilo 500, ambaye Februari 2017 alipelekwa Mumbai, akafanyiwa upasuaji kama huo, kisha akafariki Abu Dhabi Septemba ya mwaka huohuo. Kaka alisema hiyo inatosha. Mimi nilisema mgonjwa yule alikuwa amefika na moyo na figo zilizochoka, na kwamba tusimhesabie mtu mmoja kwa mwingine. Tulizungumza hadi usiku.

Nilichowaeleza siku ile bado ndicho ninachoamini. Upasuaji huu si wa urembo. Ulianza katika miaka ya 1950 na 1960. Edward Mason wa Iowa, Marekani, alibuni njia ya kukipitisha chakula kando ya sehemu kubwa ya tumbo mwaka 1966. Siku hizi unaofanywa zaidi ni ule wa kuukata mfuko wa tumbo kwa urefu, ukaondolewa robo tatu au zaidi, kikabaki kijibomba chembamba kilichofungwa kwa pini ndogo za chuma. Anayefanyiwa hivyo hashibi haraka tu. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, kwa hiyo hata hamu yenyewe hupoa. Huko Sweden watafiti walianza mwaka 1987 kuwafuatilia maelfu ya watu wanene, waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Matokeo waliyoyatoa 2007 yalionyesha kwamba hatari ya kufa ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 29 kwa waliopasuliwa. Na kisu chenyewe, panapo mikono iliyozoea, hakiui watu wengi: uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2009 ulikuta vifo 3 kwa kila wagonjwa 1,000 ndani ya siku 30, na takriban 4 kati ya 100 wakipata tatizo kubwa, kama bonge la damu linalokimbilia mapafuni au haja ya kurudishwa chumba cha upasuaji.

Hoja zangu zilishinda. Ningezitoa tena leo.

Alikwenda India Januari 2020, kwa fedha za kiwanja alichouza. Wakati ule hakuwa na mahali pa karibu alipopaamini. Leo mambo yameanza kusogea: Tanzania, kwa mfano, hospitali ya taifa ya Muhimbili, tawi la Mloganzila, inaweka puto tumboni kwa wanaohitaji kupungua. Yeye alipelekwa na wakala aliyempata kupitia wafanyabiashara wenzake. Upasuaji ulikwenda salama. Ndani ya wiki moja sukari yake ilishuka hadi wakamwondolea sindano. Mwishoni mwa Februari alikuwa Arua, mwepesi, anacheka, anatuonyesha vidonda vitano vidogo tumboni vilivyokauka. Karatasi aliyorudi nayo ilikuwa ya ukurasa mmoja, na haikusema lolote kuhusu nani atamwona huku.

Machi alianza kutapika. Kijibomba kilikuwa kimebana mahali fulani, lakini hilo tulilijua baadaye. Kila alichokimeza kilirudi: supu, uji, hata maji. Alimpigia wakala, akaambiwa anywe kidogo kidogo. Tarehe 22 Machi uwanja wa Entebbe ulifungwa kwa abiria kwa sababu ya korona. Siku chache baadaye India nayo ikajifungia, na simu ya wakala haikupokelewa tena. Kwetu bodaboda zilikatazwa kubeba watu, kisha magari binafsi yakazuiwa barabarani. Kampala iko kilomita zipatazo 500, ng'ambo ya daraja la Pakwach na lile la Karuma. Ilikuwa kana kwamba iko India.

Mimi nilikuwa kazini Koboko. Nyumbani walifanya kinachofanywa Arua mtu akitapika na kulegea: wakampeleka kliniki ya mtaani, akapimwa malaria, hakuwa nayo, akatundikiwa maji ya glukosi. Akaonekana kupata nafuu. Siku ya pili akatundikiwa tena. Usiku ule alianza kuona watu wawiliwawili. Macho yalicheza yenyewe. Alipoinuka kwenda msalani, aliyumba na kuanguka. Asubuhi alimwita binti yake kwa jina la Mama yetu, aliyekufa zamani. Jirani mmoja akasema ni jini, mwingine malaria iliyopanda kichwani, wa tatu akasema korona na akafunga mlango wake.

Nilipata nafasi katika ambulansi iliyokuwa ikimpeleka Arua mzazi aliyeshindwa kujifungua. Nilipomwona mdogo wangu sikumtambua kwa macho yale. Tulimfikisha hospitali kubwa, na hapo tulikutana na daktari kijana ambaye nitamwombea dua siku zote.

“Sista, huyu anakunywa waragi?” aliniuliza.

“Daktari, hajaonja maishani mwake.”

“Ana mimba?”

“Hana.”

“Basi ametapika tangu lini?”

Nilimwambia, na nikamweleza kuhusu upasuaji. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ameona macho kama yale kwa walevi wa waragi, na mara moja kwa mama mjamzito aliyetapika miezi mitatu. Akaagiza glukosi iondolewe na vitamini B1 itafutwe mara moja. Ndugu zetu walizunguka maduka ya dawa kwa miguu, wakaleta sindano za B kompleksi, hadi B1 yenyewe ilipopatikana.

Nimelisoma sana jambo hili tangu siku ile. Akiba ya vitamini B1 mwilini hutosha wiki mbili tatu tu. Mtu anayetapika kila siku baada ya kupunguzwa tumbo huimaliza upesi, hata kama bado anaonekana mnene. Unene ndio unaowadanganya watu, hata wahudumu: nani atadhani mwanamke wa kilo 120 ana utapiamlo? Sasa mwili hauwezi kuichoma sukari bila B1. Ukimmiminia glukosi mtu wa namna hiyo, unaitumia ile chembe ya mwisho iliyobaki, na sehemu za ubongo zinazoongoza macho, mwendo na kumbukumbu huanza kufa. Tiba ni rahisi na bei yake ni ndogo. Inachotaka ni mtu wa kukumbuka, na akumbuke kwa saa, si kwa siku.

Macho yalitulia ndani ya siku chache. Miguu ilichukua miezi. Kumbukumbu haikurudi yote. Kabla ya hapo madeni ya soko zima alikuwa nayo kichwani. Sasa kila kitu anakiandika kwenye daftari, na kuna wateja waliolitumia pengo lile vibaya. Vizuizi vilipolegezwa tulimpeleka Kampala, wakapitisha kamera mdomoni, wakakuta pale palipobana, wakapapanua kwa puto. Kutapika kukaisha.

Wengi wakisikia hadi hapa husema: si tulikwambia? Hapana. Nawaomba wasikie na mengine. Alipungua hadi kilo 97 katika mwaka na nusu. Presha yake ilishuka hadi dawa zile zile za zamani zikaanza kumwangusha kwa kizunguzungu, zikapunguzwa. Mumewe analala. Alipanda ngazi za msikitini bila kushikwa mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Nilimuuliza kama angerudi nyuma angekubali tena kisu kile. Alijibu papo hapo kwamba angekubali, ila safari hii angebeba B1 mkobani.

Na bado kuna mambo ambayo hakuna aliyemwambia. Nywele zilikatika kwa miezi. Ngozi ilining'inia mikononi na tumboni, ikafanya vidonda wakati wa joto. Enyasa, ugali wetu wa muhogo na mtama, ulikwama kifuani, na alilazimika kujifunza upya kula kwenye harusi ambako kukataa sahani ni kumtukana mwenyeji. Soda moja ilimtoa jasho na kuupiga moyo wake mbio. Sokoni walianza kunong'ona kwamba ameathirika, kwa sababu kizazi kilichoona silimu hakijui kukonda kwingine. Mwezi wa Ramadhani alitaka kufunga. Shekhe wetu, Mungu amlipe, alimwambia mgonjwa ana ruhusa yake. Angalau samaki wetu wakavu, angara, walimfaa. Walimpa nguvu bila kumjaza.

Kuna la wanawake ambalo nalisisitiza kila ninapopata nafasi. Uzito ukishuka, hedhi iliyokuwa imepotea hurudi, na mwanamke aliyedhani ni tasa anaweza kushika mimba ghafla. Wataalamu husema asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kwa sababu mtoto atakayebebwa katika miezi ya kukonda huenda akakosa chakula tumboni. Mimi niliyeona mtoto wa 1981 akizaliwa sihitaji kuelezwa mara mbili.

Sasa ana kilo 108. Ndiyo, zimerudi kumi na moja, na alilia aliposimama kwenye mzani. Nilimwambia ukweli: karibu kila aliyepasuliwa hurudisha kiasi baada ya mwaka wa pili. Katika ule uchunguzi wa Sweden, wagonjwa wa kisukari waliopasuliwa, 72 kati ya 100, hawakuwa nacho tena baada ya miaka 2. Baada ya miaka 15 walikuwa wamebaki 30. Huo si udanganyifu wa madaktari. Unene mkubwa ni ugonjwa wa maisha, na kisu huupa mwili nafasi bila kuuondolea historia yake. Siku hizi kuna sindano za semaglutaidi, nazo husaidia, lakini ukiziacha uzito hurudi, na Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu zile za bandia zilizoingia sokoni. Anayeziuza kwa bei ya kutupa usimwamini.

Kinachoniumiza ni kwamba mdogo wangu hakuumizwa na upasuaji. Aliumizwa na umbali. Kila tatizo alilopata limeandikwa vitabuni pamoja na dawa yake: kubana kwa tumbo, upungufu wa B1, B12, chuma na kalsiamu, mawe ya nyongo kwa anayekonda haraka. Aliyepasuliwa anayeishi karibu na waliompasua hupimwa damu na kuulizwa maswali kila baada ya miezi michache. Wetu hupanda ndege na karatasi moja, wakirudi wanakuwa mikononi mwa duka la dawa la mtaani, ambako mtu atauziwa diklofenaki ya magoti bila kuulizwa kama tumbo lake lilikatwa na kuunganishwa na utumbo, ingawa dawa hiyo inaweza kumtoboa kidonda pale palipounganishwa. Damu ya mdogo wangu sasa inapimwa kila miezi sita kwa sababu mimi ni dada yake na ninajua nini cha kuagiza. Asiye na dada muuguzi afanyeje?

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiwa Arua, Koboko au popote palipo mbali na hospitali kubwa, na unafikiria safari hii, sikukatazi. Kama uzito unakuua, nenda. Lakini kabla ya kuuza kiwanja, tafuta daktari wa hapa nyumbani atakayekubali kukuangalia miaka yote inayofuata, na umpeleke azungumze na watakaokupasua. Dai barua kamili inayosema ni upasuaji gani uliofanyiwa. Weka fedha za vitamini na vipimo kando, kwa sababu utazihitaji maisha yote. Ukitapika zaidi ya siku mbili tatu usisubiri, na usikubali kuitwa mwoga.

Na ninyi wauguzi wenzangu wa Arua, Koboko, Yumbe na Adjumani: akija mtu aliyepunguzwa tumbo, naye anatapika, mpeni B1 kwanza, ndipo mtundike glukosi.